Agip House na Muthithi House: Jinsi FORD Ilivyovunjika

Sheria ya Vyama ya Kenya ilitaka kikundi chochote cha watu kumi au zaidi kisajiliwe na serikali. Kwa hiyo, Agosti 1991, wapinzani wa Rais Daniel arap Moi walipoamua kujitokeza hadharani, walihakikisha idadi yao haifiki hapo. Walikuwa sita: Jaramogi Oginga Odinga kutoka Nyanza, Masinde Muliro na Martin Shikuku kutoka Magharibi, Philip Gachoka kutoka Mkoa wa Kati, George Nthenge kutoka Ukambani na Ahmed Salim Bamahriz kutoka Mombasa. Wakajiita FORD, yaani Jukwaa la Kurejesha Demokrasia. Hawakuweza kujiita chama, kwa sababu kifungu cha 2A kilichoingizwa kwenye Katiba Juni 1982 kilitambua KANU peke yake.

Ulikuwa mpango wa busara, na uliipa serikali taabu. Msajili hakuwa na kitu cha kukataa, kwa kuwa hakuna aliyemwomba kusajili chochote. Lakini mpango huohuo uliacha pengo ambalo lingeigharimu FORD mwaka mmoja baadaye. Ilizaliwa bila wanachama, bila matawi, bila uchaguzi, na bila utaratibu wowote wa kuamua nani amwongoze nani. Sita wale waliteuana kwa kuangalia mikoa yao na umri wao kisiasa. Nyuma yao walisimama wanasheria na wasomi wa kizazi cha chini: Paul Muite, James Orengo, Gitobu Imanyara, Kiraitu Murungi, Anyang' Nyong'o, Mukhisa Kituyi na Raila Odinga. Vijana ndio walioandika matamko na kwenda mahakamani; wazee ndio waliokuwa na majina ya kuvuta umati.

Majina hayo yalikuwa na historia ndefu, na hapa inafaa kutulia kidogo. Odinga alikuwa Makamu wa kwanza wa Rais, akajiuzulu mwaka 1966 na kuanzisha KPU, akawekwa kizuizini chama hicho kilipopigwa marufuku mwaka 1969, kisha akazuiwa kugombea ubunge kwa miaka mingi. Muliro na Shikuku walikuwa katika chama cha KADU wakati wa uhuru, upande wa pili kabisa na Odinga wa KANU. Shikuku alikuwa ameonja kizuizini pia: Oktoba 1975 alisema bungeni kwamba kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama walivyoiua KANU, na alipotakiwa athibitishe, naibu spika Jean-Marie Seroney akajibu kwamba jambo lililo wazi halihitaji uthibitisho. Siku chache baadaye wote wawili walikamatwa. Watu wa namna hii walikuwa wamejifunza kuishi kwa ukaidi, na kila mmoja alikuwa amelipia haki yake ya kusikilizwa.

Aliyekosekana kwenye orodha ya sita alikuwa Kenneth Matiba. Tajiri huyu wa Murang'a, aliyewahi kuongoza Shirikisho la Soka na kuwa mkurugenzi katika kampuni ya bia, alijiuzulu uwaziri Desemba 1988 baada ya udanganyifu katika uchaguzi wa KANU. Huo ndio mwaka wa mlolongo, wapiga kura walipopangwa mstari nyuma ya wagombea na mstari mfupi ukatangazwa mshindi mahali pengi. Tarehe 3 Mei 1990, Matiba na Charles Rubia waliita waandishi wa habari na kudai vyama vingi waziwazi. Walikamatwa siku chache kabla ya mkutano wao wa tarehe 7 Julai katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, ile Saba Saba ambayo polisi waliivunja kwa risasi. Kizuizini Matiba alipata kiharusi. Alipoachiliwa mwaka 1991 alipelekwa London kwa matibabu, na FORD ikaundwa yeye akiwa anajifunza upya kutumia mwili wake.

Mambo yalikwenda kasi kuliko yeyote alivyotarajia. Tarehe 16 Novemba 1991 viongozi wa FORD walijaribu kufika Kamukunji licha ya marufuku, wakakamatwa na kusafirishwa kila mmoja kwenda kushtakiwa kwao. Siku chache baadaye wafadhili waliokutana Paris wakasitisha misaada mipya kwa miezi sita. Mapema Desemba, wajumbe wa KANU walikusanyika Kasarani, na Moi akawaambia kwamba kifungu cha 2A kitaondolewa. Kabla ya mwezi kwisha FORD ilikuwa imesajiliwa kuwa chama. Odinga akawa mwenyekiti wa muda, Muliro makamu wake, Shikuku katibu mkuu.

Neno la muda ndilo lililobeba mzigo wote. Tarehe 18 Januari 1992 FORD ilifanya mkutano wake wa kwanza halali Kamukunji, na umati uliofurika pale, watu wakining'inia kwenye miti na mapaa, uliwafanya viongozi waamini kwamba Moi amekwisha kushindwa. Kilichobaki, walidhani, ni kujua nani ataingia Ikulu. Nadhani hapo ndipo hasara ilipoanza. Mtu anayeamini kwamba ushindi uko mfukoni haoni sababu ya kumwachia mwenzake nafasi.

Mwai Kibaki hakusubiri hata hapo. Alijiuzulu uwaziri siku ya Krismasi 1991 na kuanzisha chama chake, DP, akachukua sehemu ya Mkoa wa Kati ambayo FORD ilikuwa ikiitegemea. Kisha, tarehe 2 Mei 1992, Matiba akarudi kutoka London. Uwanja wa ndege ulijaa, barabara ya kuingia mjini ikajaa, na kabla ya jioni ilikuwa wazi kwamba FORD ina wagombea urais wawili.

Ni rahisi kusema fahali wawili hawakai zizi moja na kuishia hapo. Maelezo hayo hayatoshi. Ugomvi uliowatenganisha rasmi ulihusu swali zito la kidemokrasia: mgombea urais achaguliwe vipi? Matiba na Shikuku walitaka kila mwanachama apige kura ya siri moja kwa moja. Kauli ya Matiba ilikuwa kwamba wananchi waamue wenyewe. Upande wa Odinga ulitaka matawi yachague wajumbe, na wajumbe wachague mgombea kwenye mkutano mkuu. Kila upande ulikuwa na hoja. Baada ya mlolongo, nani angethubutu kumnyima mwanachama kura ya siri? Lakini kura ya nchi nzima ingeendeshwaje na chama cha miezi michache, kisichokuwa na daftari la wanachama linaloaminiwa na pande zote mbili? Bahati mbaya kila mmoja alisimamia njia ambayo ingempa yeye ushindi, na kila mtu alilijua hilo. Odinga alishika ofisi na sehemu kubwa ya viongozi wa muda. Matiba alikuwa na umati. Hoja nzuri ikitolewa na mtu anayenufaika nayo moja kwa moja, wapinzani wake huacha kuisikiliza.

Aliyeweza kuwaketisha meza moja alikuwa Masinde Muliro. Alikuwa mzee wa siasa asiye na haraka, anayeheshimika pande zote, na wapo waliomwona yeye mwenyewe kuwa mgombea wa maridhiano. Tarehe 14 Agosti 1992, akirejea kutoka London, alianguka kwenye uwanja wa ndege wa Nairobi na kufariki. Baada ya mazishi yake hakukuwa tena na mtu ndani ya FORD ambaye Odinga na Matiba wote wangeweza kumkubali kuwa mwamuzi. Nje ya chama wapo waliojaribu: makanisa yaliwaita viongozi wa vyama kwenye vikao, na Wangari Maathai alianzisha kundi la kutafuta msimamo wa kati. Hawakufaulu.

Katika wiki hizohizo Bunge, lililokuwa la KANU tupu, lilibadilisha Katiba. Mshindi wa urais sasa alihitaji angalau asilimia 25 ya kura katika mikoa 5 kati ya 8, na rais alitakiwa kuunda baraza la mawaziri kutoka chama chake peke yake. Sharti la pili halizungumzwi sana, na linastahili. Liliwanyima wapinzani sarafu pekee ya kununulia umoja. Kiongozi wa chama kimoja hangeweza tena kumwambia wa chama kingine, niachie urais nami nitakupa wizara.

Kufikia Septemba wakazi wa Nairobi hawakuhitaji kutaja majina ya watu, walitaja majengo. Agip House, kwenye barabara ya Haile Selassie, ilikuwa ya Odinga. Muthithi House, Westlands, ilikuwa ya Matiba na Shikuku. Kila jengo lilitoa taarifa kwa jina la FORD, likauza kadi za FORD, likafukuza uanachama watu wa jengo la pili. Kila upande ukafanya mkutano wake mkuu na kumpitisha mgombea wake. Oktoba msajili alikubali vyama viwili, FORD-Kenya na FORD-Asili, kwa wepesi ambao wapinzani hawakuwahi kuuona kwake hapo awali.

Walioumia mapema ni wanachama wa kawaida, wale waliotembea na kadi moja na saluti ya vidole viwili, sasa wakaulizwa ni vya FORD ipi. Mabomu ya machozi ya Novemba 1991 hayakuwa yamewauliza.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 29 Desemba 1992. KANU iliuingia ikiwa na fedha za kundi la vijana lililoitwa YK'92, lililotawanya pesa hadi noti ya shilingi 500 ikapewa jina la mwenyekiti wake, Jirongo. Katika Bonde la Ufa wabunge zaidi ya 15 wa KANU walipita bila kupingwa, baadhi kwa sababu wapinzani wao walizuiwa kufikisha karatasi zao. Moi alipata kura karibu milioni 1.96, asilimia 36. Matiba alipata milioni 1.4, asilimia 26. Kibaki alipata asilimia 19 na Odinga 17. Ukijumlisha kura za Matiba na Odinga tu, bila Kibaki, FORD iliyogawanyika ilimzidi Moi kwa zaidi ya kura 380,000. Hesabu hiyo haitoshi kuthibitisha kwamba FORD moja ingeshinda, kwa sababu si kila aliyempenda Matiba angemfuata Odinga, wala kinyume chake. Hata hivyo, bungeni FORD-Kenya ilipata viti 31, FORD-Asili 31. Hata wapiga kura hawakuweza kuwaamulia nani mkubwa.

Matiba alikwenda mahakamani kupinga ushindi wa Moi. Kwa kuwa kiharusi kilikuwa kimemwathiri mkono, mkewe alikuwa na mamlaka ya kisheria ya kutia sahihi kwa niaba yake, naye ndiye aliyesaini ombi hilo. Mahakama ililitupa nje kwa sababu mlalamikaji hakusaini mwenyewe. Ugonjwa alioupata akiwa mikononi mwa serikali ukawa sababu ya kutosikilizwa dhidi ya mkuu wa serikali hiyo.

Mpasuko haukuishia hapo. Mwaka 1993 Odinga alikiri kupokea shilingi milioni 2 kutoka kwa Kamlesh Pattni, mfanyabiashara wa kashfa ya Goldenberg. Muite na wenzake wakaachia nyadhifa zao. Odinga alifariki Januari 1994, kisha Wamalwa Kijana na Raila wakagombania uongozi wa FORD-Kenya hadi Raila akaondoka na kuingia chama cha NDP. Katika FORD-Asili, Matiba na Shikuku walifarakana pia. Mwaka 1997 Matiba alisusia uchaguzi na Shikuku akagombea urais. Moi alishinda tena, safari hii kwa asilimia 40.

Mwaka 2002 Kibaki, Wamalwa na Charity Ngilu walikaa kwanza, wakagawana vyeo, ndipo wakaenda kuomba kura. Raila alijiunga nao Oktoba na kumtangaza Kibaki kuwa anatosha, na muungano wa NARC ukapata asilimia 62. Makubaliano yao ya maandishi kuhusu nyadhifa yalizua ugomvi ndani ya miezi michache, na Novemba 2005, kwenye kura ya maoni ya katiba, Kibaki aliongoza upande wa Ndiyo, wenye alama ya ndizi, na Raila upande wa Hapana, wenye alama ya chungwa.