Kihisi cha joto au cha mwanga: Kipi kifungwe kwenye taa ya ulinzi?

WANAOJIFUNZA kuunda vifaa vya elektroniki nyumbani hukabiliwa mapema na swali moja: wanunue kihisi cha miale ya infraredi au kile kinachotegemea mwanga wa kawaida? Dukani vyote ni vitu vidogo vya bei nafuu, lakini anayekosea kuchagua huishia na taa ya ulinzi isiyowaka mwizi anapopita.

Kihisi rahisi cha mwanga, LDR, ni rezista ambayo ukinzani wake hupungua inapoangazwa. Huona takriban kama jicho la binadamu, hivyo chafaa sana kuwasha taa jua linapotua. Hata hivyo ni kizito kuitikia, na hakiwezi kutofautisha mtu na wingu.

Kihisi cha PIR hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Hakitoi mwali wowote, bali hupokea miale ya joto la mwili, ambayo urefu wa mawimbi yake ni mikromita 10 hivi, ilhali mwanga tunaouona hauzidi mikromita 0.7 au zaidi kidogo. Ndani yake mna sehemu mbili zinazolinganishwa. Mtu akipita huigusa moja kabla ya nyingine, na hapo ishara hutolewa. Ndiyo maana anayesimama tuli haonekani. Kioo cha dirisha nacho huizuia miale hiyo. Mwandishi wa makala haya aliwahi kukificha kihisi nyuma ya dirisha kwa kuhofia mvua, akalaumu betri kwa wiki nzima.

Wakazi wa Dar es Salaam na Mombasa wakumbuke jambo jingine: mazingira yanapokaribia joto la mwili, tofauti inayotafutwa na kihisi hupungua, na umbali wake wa kuona hufupika. Usiku hali huwa nafuu.

Ipo pia infraredi inayotumwa na kupokewa, kwa kawaida ya nanomita 940, inayotumika katika roboti zifuatazo mstari na katika rimoti za televisheni. Adui yake ni jua, lenye miale hiyo kwa wingi. Ndiyo sababu rimoti nyingi huikatakata mara 38,000 kwa sekunde ili kipokezi kiitambue.

Kwa taa ya langoni, ushauri wetu ni kuvitumia viwili: PIR imtambue mtu, LDR iizuie taa mchana. Bodi ya HC-SR501, inayopatikana kwa urahisi, ina nafasi ya kuunganishia LDR. Iachwe dakika moja itulie baada ya kuwashwa. Haiwezi kubeba umeme wa nyumbani moja kwa moja. Huhitaji rilei, na waya za volti 230 zishughulikiwe na fundi umeme aliyehitimu. LDR nayo ielekezwe mbali na taa yenyewe, la sivyo taa itajidhania kuwa ni asubuhi.