Sataranji kwa Maandishi: Tatizo la Herufi M

Mchezo wa sataranji ulioandikwa ni matini kama matini nyingine, nayo huhitaji kufasiriwa. Lushoto ilipokuwa ikiitwa Wilhelmstal, Mjerumani wa boma aliyetaka kuuhifadhi mchezo wake angeandika e2-e4. Mwingereza aliyemrithi baada ya 1916 angeandika P-K4. Hatua ni ile ile: kitunda cha mbele ya mfalme kimesogea miraba miwili. Utaratibu wa herufi a hadi h na tarakimu 1 hadi 8 ndio ulioshinda, na tangu 1981 ndio unaotakiwa katika mashindano ya shirikisho la kimataifa. Ila majina ya kete kila lugha huyafupisha kwa herufi zake yenyewe.

Hapo ndipo Kiswahili kinapokwama, kwa kuwa mfalme ni M na malkia ni M. Kete zikiwa zimepungua ubaoni na wawili hao wakiwa jirani, mwalimu akisoma “Me2” katika daftari la mwanafunzi hatajua ni nani aliyesogea, na yote yanayofuata hayatasomeka. Warusi walipatwa na shida hiyo kwa mfalme na farasi, wakamwongezea mfalme herufi ya pili. Nasi twaweza kuandika Mf na Ma, lakini twaona iko njia bora.

Msambaa angeweza kudai *zumbe*, jina la watawala wa milima yake, na Z haigongani na herufi yoyote. Ni neno zuri. Hata hivyo, mbali na Usambara wachache watalielewa. *Shaha* limeenea zaidi: ni neno la Kiajemi, ndilo jina la kete yenyewe katika asili yake, na lilikuwa cheo cha watawala wa Mombasa wa kale. Malkia naye, kabla Wazungu hawajambadili, alikuwa waziri kwa Waajemi na Waarabu. Na yule aitwaye askofu alikuwa tembo. (Ndovu hafai, kwani ngome imekwisha kuichukua N.) Farasi abaki na F, kitunda hakihitaji herufi.

Tuujaribu mpango huu kwa mchezo mfupi ambao wanaoanza hushindwa nao kila siku: 1. e4 e5 2. Wh5 Fc6 3. Tc4 Ff6 4. Wxf7, na shaha hana pa kwenda.