Ukulele si Ukelele: Kinanda Kidogo na Safari Yake Katika Jazi

Kosa dogo la imla ndilo lililotufikisha kwenye mada hii. Mwanafunzi wetu mmoja aliandika katika insha yake kwamba wakati wa likizo alijifunza "kupiga ukelele". Nasi, kwa haraka ya mwalimu aliyerundikiwa madaftari mezani, tukapiga mstari mwekundu na kuandika pembeni: "Ukelele hupigwa na mtu aliyeibiwa." Tulipoisoma insha ile mbele ya darasa, wote wakacheka, ila mwenyewe. Siku ya pili yake alikuja na kinanda chenye nyuzi nne, kifupi kuliko mkono wake, akatueleza kwa adabu kwamba alikusudia kuandika ukulele, herufi moja ikamponyoka. Kisha akauliza: "Mwalimu, kinanda hiki chaweza kupiga jazi?" Tukamjibu papo hapo kwamba hakiwezi, maana hicho ni kitu cha kuchezea watoto.

Waswahili husema, mdharau mwiba mguu huota tende. Jibu lile lilitusumbua, maana tulilitoa bila ujuzi. Tangu hapo tumesoma, tumesikiliza santuri, na hata kujifunza kupiga wenyewe, vidole vikiuma. Makala haya, ndugu msomaji, ni deni tunalomlipa mwanafunzi yule.

Asili ya kinanda na jina lake

Ukulele ni mtoto wa wahamiaji. Mwezi wa Agosti 1879 merikebu iitwayo Ravenscrag ilitia nanga Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, ikiwa na watu zaidi ya 400 kutoka kisiwa cha Madeira kilicho chini ya Ureno. Walikuwa wamekaa baharini miezi minne, nao walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo maseremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Walipomaliza mikataba yao ya shamba waliingia mjini, wakafungua karakana na kuanza kutengeneza vinanda vya kwao kwa mti wa Hawaii uitwao koa. Umbo waliliiga kutoka kwa kinanda cha nyuzi nne kiitwacho machete. Mpangilio wa sauti za nyuzi waliutwaa kutoka kwa kinanda kingine cha Madeira chenye nyuzi tano, kiitwacho rajão. Katika kuchanganya huko ndipo ulipozaliwa ukulele. Jambo hili si geni kwetu: udi na gambusi navyo vilifika pwani ya Afrika Mashariki kwa majahazi, vikapata wenyeji wapya na nyimbo mpya.

Mfalme Kalākaua, aliyetawala Hawaii tangu 1874 hadi 1891, alikipenda kinanda hicho akakiingiza katika karamu na ngoma za ikulu. Hivyo kitu cha vibarua wa miwa kikawa, kwa muda wa miaka michache, kitu cha wafalme. Lakini ufalme wenyewe haukudumu. Mwaka 1893 Malkia Liliʻuokalani alipinduliwa na kundi la wafanyabiashara, huku wanamaji wa Marekani wakiwa wameteremshwa bandarini. Na mwaka 1898 Marekani ikavitwaa visiwa hivyo. Ufalme ukafa, kinanda kikabaki.

Kuhusu jina, maelezo yanayosikika zaidi ni kwamba katika Kihawaii uku ni kiroboto au chawa, na lele ni kuruka. Basi ukulele ni kiroboto arukaye, kwa jinsi vidole vinavyorukaruka juu ya nyuzi. Malkia Liliʻuokalani yeye alilifasiri jina hilo kwa upole zaidi: zawadi iliyokuja. Hapa sisi walimu wa lugha tuna somo la kuwapa wanafunzi. Ukulele na ukelele hutofautiana kwa irabu moja tu, lakini hayana nasaba. Kihawaii ni cha ukoo mmoja na Kimalagasi, lugha za watu wa bahari. Kiswahili ni tawi la Kibantu. Kufanana kwa sauti si undugu.

Jazi ipi?

Tulipotaja jazi katika kikao cha walimu, mzee mmoja alitabasamu akaanza kutaja bendi za ujana wake: Morogoro Jazz, Western Jazz, na ile OK Jazz iliyoundwa Léopoldville mwaka 1956. Hakukosea. Katika nchi zetu neno hilo liligeuka kuwa jina la bendi yoyote ya magitaa na matarumbeta, ingawa muziki uliopigwa mara nyingi ulikuwa rumba. Jazi tunayoizungumzia hapa ni ile mama, iliyoanzishwa na Wamarekani weusi mwanzoni mwa karne ya 20, hasa mjini New Orleans.

Wapigaji wa jazi hiyo wana hazina ya nyimbo ambazo kila mmoja hutazamiwa kuzijua. Sisi tumeziita nyimbo-msingi. Nyingi zilitungwa kwa ajili ya michezo ya jukwaani na filamu za Marekani baina ya miaka ya 1920 na 1940. Umbo lao la kawaida lina vipimo 32, vilivyogawanyika katika mafungu manne ya vipimo vinane: fungu la kwanza huimbwa, hurudiwa, la tatu hubadilika, kisha lile la kwanza hurejea. Msomaji aliyezoea tarbia ataona mara moja kwamba hii nayo ni bahari yenye sheria zake. Mpigaji wa jazi hufanya kama malenga katika majibizano: hushika vina na mizani, akabadili maneno. Yeye hushika mfuatano wa kodi, akatunga papo hapo sauti mpya juu yake. Kodi tunayoisema ni ile ya wapiga gitaa, yaani sauti kadhaa zilizopatana na kupigwa kwa pamoja. Si ile ya mtoza ushuru.

Jinsi ukulele ulivyokutana na jazi

Mwaka 1915 yalifanyika maonyesho makubwa mjini San Francisco, yakatembelewa na watu zaidi ya milioni 18. Katika banda la Hawaii walipigwa wanamuziki wa visiwani hadi Wamarekani wakapagawa. Mwaka uliofuata kampuni ya Martin, iliyojulikana kwa magitaa, ikaanza kuuza ukulele. Katika miaka ya 1920 kinanda hiki kilikuwa kila mahali, kwa kuwa ni chepesi, rahisi kununuliwa na chepesi kuanza.

Hapa ndipo tulipogundua ukubwa wa kosa letu. Nyimbo-msingi nyingi zilipochapishwa kwa mara ya kwanza, juu ya maneno yake kulikuwa na michoro midogo ya mraba ikionyesha mahali pa kuweka vidole. Michoro ile ilikuwa ya ukulele. Bibi May Singhi Breen, mpigaji na mwalimu wa kinanda hicho, alikuwa miongoni mwa waliopigania utaratibu huo, na pia kwamba ukulele utambuliwe na chama cha wanamuziki kuwa chombo halali. Cliff Edwards, aliyeitwa kwa utani Ukulele Ike, aliimba na kukipiga katika mchezo wa Lady, Be Good! wa George na Ira Gershwin uliofunguliwa New York mwaka 1924. Basi ukulele haukuja kuomba hifadhi katika nyumba ya jazi. Ulikuwapo tangu msingi ulipochimbwa.

Mbona basi ukadharauliwa? Baada ya 1929 mambo yalibadilika: uchumi ulianguka, na gitaa likachukua nafasi. Baadaye, tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, Mario Maccaferri alitengeneza ukulele wa plastiki uliouzwa kwa mamilioni kwa bei ndogo. Wengi wakauona kama mwanasesere. Ajabu ni kwamba Maccaferri huyo huyo ndiye aliyebuni, mwanzoni mwa miaka ya 1930, gitaa la aina ile aliyoipiga Django Reinhardt, gwiji wa jazi wa Ulaya. Mkono mmoja ulitengeneza chombo cha heshima na chombo cha dharau.

Aliyeurudishia ukulele heshima katika jazi ni Lyle Ritz, aliyezaliwa 1930. Alikuwa akifanya kazi katika duka la vyombo vya muziki mjini Los Angeles, naye alikuwa akiwaonyesha wanunuzi namna ya kukipiga kinanda hiki. Mpiga gitaa mashuhuri, Barney Kessel, alimsikia, na kwa njia hiyo Ritz akarekodi santuri iitwayo How About Uke? kwa kampuni ya Verve mwaka 1957. Mwaka 1959 ikafuata 50th State Jazz. Bara ya Marekani hazikununuliwa sana, naye akaishi kwa kupiga besi katika studio. Lakini kule Hawaii vijana walizisikiliza santuri zile hadi zikakwaruzika, wakajifunza kodi moja moja kwa masikio. Ritz hakujua. Ni katika miaka ya 1980 tu ndipo alipoalikwa Hawaii, akakuta kizazi kizima kikimwita mwalimu. Alifariki mwaka 2017. Mwalimu yeyote asomaye habari hii ataelewa kwa nini tuliifunga redio na kunyamaza kidogo.

Nyuzi nne zatosha?

Mwanafunzi wetu aliuliza kama chombo chaweza. Na tumjibu sasa kwa vidole, si kwa maneno.

Nyuzi za ukulele, kuanzia iliyo karibu na kidevu, hutoa so, do, mi na la. Uzi wa so hauko chini kama mtu atazamiavyo. Mara nyingi umekazwa juu, ndiyo maana kinanda hiki hakina sauti nzito. Huo ndio upungufu wake. Lakini kodi nyingi za jazi zina sauti nne, na nyuzi ni nne. Kila uzi una kazi yake, hakuna unaozurura.

Tuchukue mwendo unaopatikana katika nyimbo-msingi nyingi mno: kodi iliyojengwa juu ya re, kisha juu ya so, kisha kurudi nyumbani kwa do. Kwa kodi ya kwanza, bana uzi wa so na uzi wa do katika nafasi ya pili, uzi wa mi katika nafasi ya kwanza, na uzi wa la katika nafasi ya tatu. Unapata la, re, fa, do. Kwa kodi ya pili, achia uzi wa so, na uteremshe kidole cha uzi wa la hadi nafasi ya pili, vingine visiguswe. Unapata so, re, fa, ti. Kwa kodi ya tatu, achia uzi wa do na uzi wa mi. Kile cha mwisho kibaki palepale. Unapata so, do, mi, ti. Mwisho achia hicho nacho: nyuzi zote zi wazi, na kodi ya do na la imekaa kitako.

Angalia yaliyotendeka. Kila hatua sauti mbili zilisimama na mbili zikashuka ngazi moja. Na katika hatua ya mwisho moja tu ilishuka. Hakuna kidole kilichopanda. Mkono ulianza umefumbwa, ukafunguka kidogo kidogo kama ngumi ya mtu aliyesamehe. Elimu hii, ya kuziongoza sauti kwa mwendo mfupi, wapiga piano huisomea kwa miaka. Katika kinanda cha kiroboto inaonekana kwa macho.

Jambo la pili. Nyuzi zilizo wazi, so, do, mi, la, zina majina mawili. Besi ikipiga do chini yake, ni kodi ya do iliyoongezwa la. Besi ikipiga la, ni kodi ya la. Sauti ni zile zile. Wanafunzi wanaohofia mambo haya tuwakumbushe neno paa: liko juu ya nyumba, liko mwituni likila majani, na ni kitendo cha ndege. Sentensi ndiyo iamuayo. Ukulele, kwa kukosa sauti nzito, humwachia mwenzake mwenye besi aamue maana. Kidole kimoja hakivunji chawa, wala hakimpigi kiroboto.

Neno kwa walimu

Nchini Kanada, tangu 1967, J. Chalmers Doane aliyesimamia somo la muziki katika shule za mji wa Halifax aliutumia ukulele kuwafundisha watoto kusoma noti, kusikiliza na kuimba kwa sauti zinazopatana, si kukoroga nyuzi tu. Hakukitazama chombo kwa udogo wake, bali kwa kile kinachoweza kufunguliwa nacho.

Sisi tufundishao Kiswahili hapa Uganda tungepaswa kuwa wa mwisho kudharau kitu kwa sababu ya sifa kilichovikwa. Lugha yetu kwa muda mrefu iliitwa ya kambini na sokoni, isiyofaa fikra nzito. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha iwe lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Tulilalamika miaka yote kwamba wanaotuhukumu hawajafungua vitabu vyetu. Kisha sisi wenyewe tukamhukumu mtoto na kinanda chake kabla hajapiga hata uzi mmoja.

Tulimwita ofisini, tukaufuta mstari mwekundu, tukamwomba radhi. Kisha tukampigia zile kodi nne, polepole, kwa vidole vya mtu mzima visivyo vyepesi. Alisikiliza hadi mwisho, akasema: "Mwalimu, uzi wa mi umelegea." Akaukaza. Alisema kweli.