Safari ya ng'ambo huanzia Darajani

Ndugu msikilizaji, mtu wa Unguja akisema anakwenda ng'ambo, hana budi kueleza ni ng'ambo ipi. Iko ng'ambo ya Ulaya na Uarabuni, inayotaka pasipoti na viza. Na iko Ng'ambo yetu wenyewe, upande wa pili wa Darajani, iliyotengwa na Mji Mkongwe kwa mkono wa bahari uliokuja kufukiwa katika karne ya 20. Leo nataka tuzungumze juu ya safari za wanafunzi za kusoma historia, khasa safari za nchi za nje, na ninaloamini nitalisema mapema: safari ya ng'ambo ile ya mbali huharibika isipoanzia ng'ambo hii ya karibu.

Tuziangalie safari za skuli zinavyopangwa. Kwanza hutafutwa basi au tiketi za boti. Kisha huja michango ya wazee, sare, chakula, na mwalimu wa zamu. Yote hayo ni ya lazima, na anayeyadharau hajawahi kuchukua watoto arobaini mahali popote. Lakini jambo moja husahauliwa, nalo ndilo kubwa: swali. Watoto wanakwenda kutafuta nini? Safari isiyo na swali ni matembezi. Mtoto hurudi na picha na chupa tupu ya soda, na ukimwuliza ameona nini, atakwambia ameona mnara.

Tuchukue mfano wa Mkunazini. Pale palikuwa na soko la watumwa, na soko hilo lilifungwa mwezi Juni 1873, Seyyid Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Mwaka ule ule, siku ya Krismasi, lilitiwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Kianglikana, lililojengwa chini ya Askofu Edward Steere. Lakini kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa. Biashara iliendelea kwa siri, na ndiyo maana pango la kuchimbwa la Mangapwani linatajwa hadi leo. Utumwa wenyewe haukupoteza nguvu ya sheria hapa Unguja hata mwaka 1897. Kati ya tarehe hizi mbili ipo miaka 24. Mwanafunzi akiijua miaka ile 24 ilikuwaje, atakuwa amejifunza jambo ambalo halimo katika bango lolote.

Tena pale pale kuna vyumba vya chini, vyembamba, vyenye minyororo, ambavyo wageni huambiwa kuwa watumwa walifungiwa humo wakingoja kuuzwa. Wanahistoria wamelitilia shaka jambo hilo, kwa kuwa jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilikuwa hospitali ya misheni, nalo lilijengwa baada ya soko kufungwa. Je, tuwafiche watoto shaka hiyo? La hasha. Hilo ndilo somo lenyewe. Soko lilikuwepo, mateso yalikuwepo, maandishi na majina yapo. Ukweli hauhitaji kuongezewa chumvi. Mtoto anayefundishwa kuuliza «tumejuaje?» mbele ya ukuta wa Mkunazini hatadanganywa kwa urahisi atakaposimama mbele ya ukuta wa watu wengine.

Na huko kwa watu wengine ndiko ninakotaka kuwapeleka sasa. Hakuna umma uliozipanga safari za vijana za kukumbuka kwa bidii kama Wayahudi. Katika vita vikuu vya pili vya dunia Wanazi wa Ujerumani waliwaua Wayahudi wapatao milioni sita. Katika kambi ya Auschwitz peke yake, huko Polandi, waliuawa watu wapatao milioni 1.1, karibu milioni moja kati yao wakiwa Wayahudi. Mwaka 1947 kambi ile ilifanywa makumbusho. Kutoka mwaka 1988 serikali ya Israeli ilianza kuwapeleka wanafunzi wake Polandi kwa safari zilizopangwa, na nchi nyingine nazo zimeanzisha za kwao.

Tuutazame mpango wa Uingereza ulioanza mwaka 1999, kwa sababu unatufaa hata sisi tusio na fedha. Kila skuli hutoa wanafunzi wawili tu. Kabla ya kusafiri huhudhuria semina na kusikiliza, au kusoma, maelezo ya mtu aliyenusurika. Safari yenyewe ni ya siku moja, asubuhi kwenda na usiku kurudi. Kisha iko semina ya pili ya kuzungumza walichokiona, na baada ya hapo wale wawili huwa na wajibu wa kuwafundisha wenzao skulini. Basi, msikilizaji, ona hesabu ilivyo: siku moja ya kuona, na siku nyingi za kujitayarisha na kutafakari. Sisi mara nyingi huigeuza hesabu hiyo. Makumbusho ya Auschwitz nayo hushauri kwamba watoto wasiotimia miaka 14 wasipelekwe. Hilo pia ni la kuzingatia: si kila jicho liko tayari kwa kila jambo.

Najua wapo wazee watakaouliza: mtoto wa Kiislamu wa Unguja ana shughuli gani na mauti ya Wayahudi, na khasa wakati habari za Palestina zinawaumiza watu kila siku? Swali hilo ni la haki, na haifai kulijibu kwa kulikwepa. Kujua dhulma aliyofanyiwa mtu jana hakumlazimishi mtoto kunyamazia dhulma anayoiona leo, iwe imetendwa na nani. Na tena jambo lile halikuwa mbali nasi kama tunavyodhani.

Yuko mtu aliyeitwa Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, na akiwa mtoto mdogo aliingia pamoja na baba yake katika jeshi la Wajerumani katika vita vikuu vya kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin, akadai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Madai yake yakakataliwa. Alibaki kule, akawa mhudumu wa mkahawa, akaigiza katika filamu, na akasomesha Kiswahili katika chuo kikuu cha Berlin. Wanazi walikuwa wameshika serikali, na sheria zao za damu na rangi, zilizowalenga Wayahudi kwanza, ziliwafikia pia watu weusi. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, na huko akafariki mwezi Novemba 1944. Mwaka 2007 liliwekwa jiwe dogo la shaba kwa jina lake mbele ya nyumba mjini Berlin, mfano wa maelfu ya mawe wanayowekewa Wayahudi waliochukuliwa kutoka majumbani mwao.

Huyu alikuwa mtu wa pwani yetu, mwalimu wa lugha yetu. Mtoto wa Unguja akisimama mbele ya jiwe lile hatakuwa mgeni anayechungulia msiba wa jirani. Atakuwa mfiwa.

Lakini tusiwafanye watoto wakadhani kuwa historia ya watu ni mauti yao tu. Mjini Warsaw kuna makumbusho yaliyofunguliwa milango mwaka 2013, yanayoeleza miaka elfu ya maisha ya Wayahudi wa Polandi: biashara zao, vitabu vyao, harusi zao. Mauaji yamo, ila hayakuachiwa kuwa habari yote. Na sisi tujiulize: mwanafunzi anayetoka Mkunazini amekutana na nini zaidi ya minyororo? Je, amepelekwa Fumba, alikozaliwa Siti binti Saad, mwana wa watu wa ukoo wa utumwa, aliyeuza vyungu akitembea, kisha mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi sahani za santuri na sauti yake ikajaa pwani nzima? Urithi wa watumwa si mnyororo tu, ni sauti pia.

Sasa tuje kwenye mfuko, maana maneno hayalipi nauli. Skuli nyingi za Unguja haziwezi kufika Berlin wala Auschwitz. Nauli ni kubwa na viza haipatikani kwa urahisi. Lakini ng'ambo si Ulaya peke yake. Kigali iko makumbusho ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, yaliyofunguliwa mwaka 2004, na pale wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Mtanzania haombi viza kuingia Rwanda. Nairobi liko sinagogi ambalo jumuiya yake imekuwepo tangu mwanzo wa karne ya 20. Na mashariki ya Uganda, karibu na Mbale, wako Waganda wanaofuata dini ya Kiyahudi tangu mwaka 1919, wakati Semei Kakungulu alipoifuata. Wakati wa Idi Amin walikatazwa ibada zao, na bado wapo. Huko mtoto atajifunza kuwa Myahudi anaweza kuwa Mwafrika mwenye jembe mkononi, jambo ambalo picha za televisheni haziwezi kumfundisha.

Basi mwalimu anayetaka kupanga safari ya namna hii aanze na swali moja, aliandike ubaoni mwanzo wa muhula. Awapeleke wanafunzi wote Mkunazini, Mangapwani na Fumba, kwa miguu au kwa daladala. Awatume wakawaulize bibi na babu zao, Mji Mkongwe na Ng'ambo, kila mtaa una kumbukumbu gani, na wasikilize bila ya kubishana. Kisha wachache, waliochaguliwa kwa haki na si kwa mfuko wa baba, wavuke maji. Wakirudi, wasimame mbele ya wenzao waseme.

Na wakati wote huo mwalimu achunge jambo moja. Kisiwa chetu kina majeraha yake, ya utumwa na ya mwaka 1964, na kila nyumba inayasimulia kwa namna yake. Safari ya historia inaweza kumfanya mtoto ahesabu nani alimdhulumu nani ili apate wa kumchukia darasani kwake. Hiyo si elimu, ni urithi wa chuki. Mtoto wa aliyeuza na mtoto wa aliyeuzwa leo wanakaa dawati moja. Wakienda pamoja, wakalia pamoja na wakauliza pamoja, nauli yao haitakuwa imepotea.