Uchujaji wa intaneti katika maktaba za umma Marekani: sheria inataka nini

Matumizi ya programu za kuchuja maudhui katika maktaba nyingi za umma nchini Marekani yanaongozwa na Sheria ya Kulinda Watoto kwenye Intaneti, maarufu kwa kifupi chake CIPA, iliyosainiwa na Rais Bill Clinton tarehe 21 Desemba, 2000. Kinyume na inavyodhaniwa na wengi, sheria hiyo haiamuru kila maktaba kuweka kichujio. Inaweka sharti kwenye fedha. Maktaba inayopata punguzo la gharama za intaneti kupitia mpango wa E-Rate, au ruzuku ya serikali ya shirikisho kwa ajili ya kompyuta na intaneti, ndiyo inayobanwa.

Maktaba isiyoridhika na sharti hilo inaweza kuziacha fedha hizo. Uhuru huo, hata hivyo, haulingani kwa wote. Punguzo la E-Rate huanzia asilimia 20 na kufikia asilimia 90, na kiwango cha juu hutolewa mahali penye umaskini mkubwa. Maktaba ya mji tajiri inaweza kumudu kukataa. Ile inayohudumia watu wasio na intaneti majumbani mwao ni nadra kumudu.

Kinachotakiwa kuzuiwa ni picha, si maandishi: picha zinazohesabiwa kisheria kuwa chafu, picha za ngono zinazohusisha watoto na, kwa watumiaji wenye umri chini ya miaka 17, picha zenye madhara kwa watoto. Kichujio kinapaswa kuwekwa kwenye kila kompyuta yenye intaneti, zikiwemo za watumishi wa maktaba. Kabla ya kupitisha sera yake ya usalama wa intaneti, maktaba hutakiwa kuitangaza na kuitisha mkutano wa wananchi. Sheria hailazimishi kufuatilia nani amesoma nini.

Kipengele chenye uzito kuliko vyote ni kile kinachohusu watu wazima. Mkutubi anaweza kukizima kichujio kwa ajili ya mtu mzima anayefanya utafiti wa kweli au mwenye kusudi jingine halali. Sheria inasema "anaweza", haisemi "lazima". Tofauti ya maneno hayo mawili imezaa mabishano ya miaka mingi.

Chama cha Maktaba cha Marekani kilikuwa miongoni mwa waliofungua shauri kupinga sheria hiyo. Tarehe 31 Mei, 2002, jopo la majaji watatu mjini Philadelphia lilikubaliana nao. Ushahidi ulionesha kuwa programu za kuchuja zilikuwa zikiruhusu picha nyingi za ngono kupita na papo hapo kuzuia kurasa zisizo na hatia. Miongoni mwa zilizozuiwa kwa kudhaniwa kuwa za ngono ni ukurasa wa kituo cha Kikristo cha watoto yatima nchini Honduras na ule wa kikundi cha wanaume Wakatoliki katika mji wa Fallon, jimboni Nevada. Orodha za kurasa zinazozuiwa huandaliwa na kampuni za programu, nazo huzihifadhi kama siri ya biashara, hivyo mkutubi hana njia ya kuzikagua.

Serikali ilikata rufaa. Tarehe 23 Juni, 2003, Mahakama ya Juu ilitengua hukumu hiyo kwa majaji 6 dhidi ya 3. Jaji Mkuu William Rehnquist aliandika kuwa maktaba daima huchagua vitabu vya kuweka rafuni, na kuchuja intaneti ni uchaguzi wa aina hiyo hiyo. Ukurasa uliozuiwa kimakosa unaweza kufunguliwa mtumiaji akiomba. Alitegemea pia kauli ya wakili wa serikali mahakamani kwamba mtu mzima hatadaiwa kueleza sababu ya ombi lake. Maoni hayo yaliungwa mkono na majaji wanne tu, yeye akiwemo. Jaji Anthony Kennedy alionya kuwa iwapo maktaba fulani itashindwa kufungua kurasa, au haki ya mtu mzima kusoma itabanwa kwa namna nyingine, milango ya mahakama bado i wazi. Katika maoni yake ya kupinga, Jaji David Souter aliligusa neno hilo "anaweza".

Jimboni Washington, neno hilo lilipata jibu ambalo wengi hawakulitarajia. Mtandao mmoja wa maktaba unaohudumia wilaya tano, nyingi zikiwa za vijijini, ulikataa kuwazimia watu wazima kichujio. Ulikubali tu kupitia maombi ya kufungua ukurasa mmoja mmoja. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua, kwa majaji 6 dhidi ya 3, kuwa utaratibu huo haukiuki katiba ya jimbo, na mwaka 2012 mahakama ya shirikisho nayo ikaipa maktaba ushindi.

Matokeo yake ni kwamba haki ya mtu mzima hutegemea sera ya maktaba aliyoingia. Katika baadhi ya maktaba kichujio huzimwa mara moja bila swali. Kwingine ombi hukaguliwa kwanza. Sera hizo hupitishwa hadharani, na mkazi wa eneo husika anayo nafasi ya kusikilizwa katika mkutano unaozijadili.