Nani Amtunze Aliyebaki Nyumbani? Tabora na Deni la Karne Mbili

Mwaka 1889 Bunge la Ujerumani lilipitisha sheria ya pensheni ya uzeeni. Mfanyakazi akitimiza miaka 70 alipwe, fedha zikitoka katika michango yake, ya mwajiri wake na ya serikali. Januari 1893 majeshi ya dola hiyohiyo yalivunja ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, huku Tabora, naye akalipua ghala lake la baruti asishikwe mateka. Kufikia 1898 wenyeji wa koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki walikuwa wameanza kutozwa kodi ya nyumba. Mzee wa Berlin alilipwa, mzee wa Tabora akadaiwa.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha makala haya. Historia ya Tabora imezoeleka kusimuliwa kwa miguu ya waliosafiri: wapagazi, wafanyabiashara, wapelelezi wa Kizungu. Waliobaki nyumbani wakilima, wakilea na kuuguza hawatajwi. Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa. Kila mzigo uliofika Bagamoyo, pwani, ulibebwa na kijana aliyelishwa na kukuzwa na mtu ambaye hakuna aliyemlipa.

Wanyamwezi, wenyeji wa Tabora, waliifahamu njia ya pwani mapema katika karne ya 19, kabla wafanyabiashara Waarabu hawajaweka makazi Unyanyembe. Walishuka na pembe za ndovu, wakarudi na vitambaa, shanga na waya. Wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke walipofika Kaze, yaani Tabora, Novemba 1857, waliukuta mji wa biashara uliokwishashika mizizi, penye njia panda ya kwenda Ujiji, Karagwe na Buganda. Safari ya kutoka pwani ilichukua miezi kama mitatu. Upagazi ulikuwa kazi ya ujira yenye kanuni zake: walikuwapo viongozi wa msafara, posho ilikuwa na kiwango chake, na wapagazi waliweza kugoma wakidhulumiwa. Kijana aliyewahi kuiona pwani alirudi kwao na heshima ya mtu mzima.

Je, shamba lilibaki na nani? Wengi walijitahidi kurejea kabla ya mvua za kilimo, lakini msafara haukuwa na hakika ya siku. Wake na wazazi ndio walioshika jembe. Biashara ilipozidi kukua, sehemu ya ujira wa wapagazi na faida ya wakubwa ilitumika kununua watumwa, nao wakawekwa mashambani badala ya vijana waliokuwa safarini. Ukweli huu ni mchungu, na hauna budi kusemwa. Pengo la nguvu kazi nyumbani lilizibwa na watu walioporwa kwao, tena wengi wao wanawake na watoto. Mtumwa akizeeka hakuwa na ukoo wa kumdaia haki yake. Sheria ya kukomesha utumwa Tanganyika ilikuja mwaka 1922, lakini haikumpa aliyechakaa kwa kazi hizo chochote cha kuishi nacho.

Hata hivyo, njia ya misafara ilizaa pia aina ya hifadhi ya jamii isiyokuwa na ofisi. Wanyamwezi na watu wa njiani na pwani, wakiwamo Wazaramo, walifungamana kwa utani. Mtani alikuwa na haki ya kula kwa mtani wake, na alikuwa na wajibu kwake msibani. Aliyefia mbali na kwao alizikwa na watani. Huu ulikuwa utaratibu wa watu waliotambua kwamba ukoo peke yake hautoshi pale kazi inapowatawanya, na wakaupanua wajibu ukavuka mpaka wa damu na kabila.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na kuua upagazi wa masafa marefu. Haikuua kuondoka kwa vijana. Chini ya Waingereza, wanaume wa Unyamwezi walichukuliwa kwa mikataba hadi mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba. Walilipwa mshahara wa mtu mmoja, kana kwamba hawakuwa na wazazi. Nguvu zikiisha, manamba alirudishwa kijijini, na gharama za uzee wake zikabebwa na ukoo uleule ambao haukunufaika na mkonge.

Julius Nyerere aliijua Tabora vizuri. Alisoma hapo tangu 1937, kisha akarudi kufundisha Shule ya Mtakatifu Maria. Katika andiko lake la ujamaa la mwaka 1962 alieleza kwamba mzee wa jadi aliyeonekana amestarehe alikuwa amefanya kazi kwa bidii ujanani mwake. Hoja hiyo ni nzito, kwa sababu inafanya matunzo ya mzee kuwa haki aliyoichuma mwenyewe. Lakini Mfuko wa Taifa wa Akiba ulioanzishwa 1964 uliwahusu wenye ajira ya mshahara. Mkulima wa tumbaku wa Urambo, mrina asali wa Sikonge na mfugaji wa Igunga walibaki nje.

Kisha ukaja UKIMWI. Uligeuza mpango wa asili: bibi aliyetarajia kutunzwa na wanawe aliwazika, akaanza upya kulea wajukuu. Katika mikoa ya magharibi na ya kanda ya ziwa, wanawake wazee wamebeba pia shutuma za uchawi, wengine wakauawa kwa sababu macho yao ni mekundu. Wekundu huo mara nyingi ni alama ya miaka mingi mbele ya moshi wa jiko, wakiwapikia haohao wanaowashuku.

Serikali haikukaa kimya. Sera ya Taifa ya Wazee ilitoka mwaka 2003, ikiahidi matibabu bure kwa wasiojiweza wenye miaka 60 na zaidi. Hospitali zina dirisha la wazee, na TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, inazifikia kaya maskini. Yapo pia makazi ya wazee, yakiwamo ya Ipuli hapa Tabora. Lakini Sensa ya 2022 ilihesabu watu 3,391,679 mkoani Tabora, na zaidi ya wazee milioni 3 nchi nzima. Makazi machache hayawezi kuwa jibu, wala hayapaswi kuwa. Wazee wengi wanataka kuzeekea kwao.

Mifano ipo karibu. Huko Nshamba, Kagera, mradi wa Kwa Wazee ulioanza 2003 uliwapa pensheni ndogo wazee wanaolea wajukuu, na fedha hizo zikaonekana katika chakula na mahitaji ya shule ya watoto. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kuwalipa wote wenye miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya ikafuata 2018. Japani, tangu mwaka 2000, humchangisha kila mwenye miaka 40 na kuendelea katika bima ya matunzo ya uzeeni. Tanzania Bara haijaanzisha pensheni ya wote.

Sisi bado ni taifa la vijana, na huu ndio wakati nafuu wa kuanza. Yafaa pensheni ya wote ianze na wenye miaka 70, kisha umri ushuke uwezo ukiongezeka. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024, wenye lengo la kuwafikia 137,294, uwafundishe pia kumhudumia mzee kitandani kwake, nao walipwe kwa wakati. Vyama vya ushirika vya tumbaku na asali vikate mchango wa uzeeni msimu wa mauzo, mkulima anapokuwa na fedha mkononi. Na mwanamke anayeuguza nyumbani ahesabiwe kuwa mfanyakazi, awe na siku ya kupumzika na mtu wa kumpokea.

Reli ya kisasa inajengwa kupitia Tabora, nayo itawachukua vijana kama zilivyowachukua njia zote zilizotangulia. Waheshimiwa wabunge, safari hii wekeni fungu la waliobaki nyumbani katika bajeti kabla treni haijaondoka. Mkoa uliobeba mizigo ya nchi hii tangu enzi za misafara hauombi sadaka. Unadai ujira wake.