Tisa au arobaini na tano? (Majeraha ya risasi, sehemu ya 4)

Najua niliahidi leo tuongelee kufunga damu, lakini imebidi niisogeze mbele maana wiki hii shemeji yangu kanipigia simu akiwa dukani. Mnaonifuata siku nyingi mnajua nafanya zamu za usiku idara ya dharura huku Marekani, na yeye anaendesha teksi usiku mji huuhuu. Kapata kibali cha kubeba bastola chini ya shati. Muuzaji kampangia tatu juu ya kioo, na yeye anataka jibu sasa hivi: "Shem, wewe waliopigwa risasi unawaona. Nichukue tisa au arobaini na tano?"

Nikamwambia subiri, usilipe kwanza.

Kwa wasiojua: tisa ni milimita 9, upana wa risasi. Arobaini na tano ni sehemu 45 kati ya 100 za inchi, kama milimita 11.5 hivi. Kwa hiyo ugomvi wote huu, unaogombanisha watu wazima mpaka leo, ni wa milimita mbili na nusu. Na una zaidi ya miaka 120. Kilichonivutia mimi ni kwamba mmoja wa walioanza kuujibu rasmi alikuwa mtu wa hospitali.

Turudi Ufilipino. Marekani ilivinyakua visiwa vile kutoka kwa Hispania mwaka 1898, ikajikuta inapigana na wenyeji ambao hawakuwa wameomba mtawala mpya. Kusini, Mindanao na Sulu, walikuwepo Wamoro, Waislamu waliokuwa wamewasumbua Wahispania karne nzima nzima. Maofisa wa Marekani walikuwa na bastola za .38, na malalamiko yakaanza kurudi nyumbani: unampiga mtu, anaendelea kukujia na upanga.

Mwaka 1904 jeshi likawapa kazi watu wawili. Mmoja ni John Thompson, mtu wa silaha, yuleyule ambaye baadaye jina lake lilipewa bunduki iliyopendwa na majambazi wa Chicago. Mwingine ni Meja Louis LaGarde, daktari wa jeshi. Huyu LaGarde nampenda kwa jambo jingine kabisa. Zamani zile watu waliamini risasi inatoka kwenye mtutu ikiwa safi kwa sababu ya moto wa baruti. Yeye akapaka risasi vijidudu vya kimeta, akawapiga wanyama, na wanyama wakaugua kimeta. Ukiletwa kwetu na tundu la risasi tukakuuliza mara ya mwisho ulichoma lini sindano ya pepopunda, usione tunakupotezea muda.

Basi wakaenda kwenye machinjio ya Chicago. Wakapiga risasi ng'ombe walio hai, wakapiga na maiti za binadamu zilizoning'inizwa, wakitazama zinayumba kiasi gani. Nimeshika maiti nyingi katika kazi hii na bado sehemu hiyo huwa naisoma haraka. Majibu yenyewe yalikuwa vurugu. Ng'ombe mmoja anaanguka upesi, mwingine anapigwa tena na tena, kasimama tu. Mwisho wakaandika kwamba bastola ya jeshi isipungue .45. Kutokana na hapo ikazaliwa ile ya John Browning iliyopitishwa mwaka 1911, na jeshi likakaa nayo zaidi ya miaka 70.

Hiyo ndiyo sehemu wauzaji wanayoikariri. Lakini ripoti ileile ilisema na jambo la pili: kwamba sehemu kubwa ya mwili wa binadamu, ukiipiga kwa bastola, usitegemee mtu ataanguka papo hapo, kwa hiyo askari wafundishwe kulenga bila kuchoka. Hili halikuuza bastola hata moja, likasahaulika.

LaGarde baadaye alikieleza kisa cha mfungwa mmoja, Antonio Caspi, aliyejaribu kutoroka kisiwani Samar, Oktoba 1905. Alipigwa risasi nne za .38 kwa karibu, tatu za kifuani. Hakuanguka mpaka alipopigwa kitako cha bunduki kwenye paji la uso. Na akapona! Watu hukitumia kisa hiki kuonyesha udhaifu wa .38. Mimi nikikisoma kama nesi namwona mgonjwa wa kawaida kabisa. Nimepokea watu wenye matundu matatu wakilalamika kwamba tumekata suruali mpya.

Sasa ruka mpaka Miami, Aprili 11, 1986. Maajenti 8 wa FBI waliwazuia majambazi wawili wa benki, Platt na Matix. Mapema tu katika mapambano ajenti Jerry Dove alimpiga Platt risasi ya milimita 9. Ilipita mkono wa kulia, ikaingia kifuani, pafu likanywea, ikasimama kama inchi moja kabla ya moyo. Jeraha lile lilikuwa la kufa. Lakini kufa kunachukua muda, na ndani ya muda huo Platt aliwaua Ben Grogan na huyohuyo Dove, akajeruhi na wengine. Mambo yote hayakufika dakika tano.

FBI wakailaumu risasi, kwamba imepungukiwa inchi moja. Wakaita wataalamu, akiwemo Martin Fackler, daktari wa upasuaji wa jeshi aliyetibu majeruhi Da Nang, Vietnam, ambaye alikuwa akipiga risasi kwenye jelatini iliyotengenezwa ifanane na nyama ya mwili. Kipimo kikawa risasi ipenye angalau inchi 12, isizidi 18. Wakachukua bastola ya milimita 10. Inapiga teke kama punda, maajenti wengi wakaishindwa. Wakapunguza baruti, halafu mwaka 1990 ikatengenezwa .40, fupi kidogo, na polisi nchi nzima wakaikimbilia. Mwaka 2014 idara ya mafunzo ya FBI ikaandika sababu za kurudi 9. Risasi zilikuwa zimeboreshwa, njia zinazochimba mwilini hazikutofautiana sana, na askari wengi walilenga vizuri zaidi na 9. Miaka 28 kuzunguka na kurudi palepale.

Nami nawaambia, kwa kutazama tundu la kuingilia hatuwezi kujua ni tisa au arobaini na tano. Ngozi inavutika na kurudi. Hata kwenye eksirei kivuli cha risasi hukuzwa, kinadanganya. Hakuna daktari aliyewahi kuniuliza kaliba usiku wa manane. Anauliza imeingia wapi, imetoka wapi, presha ngapi. Hata moyo ukipasuliwa, ubongo unabaki na oksijeni ya kutosha sekunde 10 hadi 15. Hesabu polepole mpaka 15 uone mtu anaweza kufanya nini.

Haya yote nilimwambia shemeji, kwa kifupi. Akasema basi tisa. Nikamuuliza: hizo inchi 12 ni za mwilini, je ukikosa? Maana hata polisi waliofunzwa, kwenye mapambano ya kweli hukosa mara nyingi kuliko wanavyopata. Ukuta wa apatimenti yako ni bodi za chokaa, risasi yoyote kati ya hizo tatu inazitoboa. Nyuma ya sebule yako kuna nini?

Kimya. Chumba cha watoto kiko pale, naye anajua kuwa najua.

Mpaka naandika hapa hajanunua. Anataka Jumamosi twende kwanza uwanja wa shabaha, nimwone anavyopiga. Nimekubali, na nitabeba tonikei yangu. Sehemu ya 5 ni hiyohiyo tonikei, kweli safari hii.